Pembe Moja, Pembe Mbili

Kolandoto gitaa la umeme hutajwa kwa pembe zake, kama ng'ombe. Pale shingo inapoingia kwenye mwili, mafundi huchonga kijibonde ili mkono wa kushoto uteremke mpaka kwenye noti za juu kabisa. Gitaa likichongwa kijibonde upande wa chini tu, na bega la juu likaachwa la mviringo, hilo ni pembe moja. Likichongwa pande zote mbili, juu na chini, hilo ni pembe mbili. Hayo ndiyo majina tunayotumia kwenye kwaya yetu, na hata mtoto wa shule ya Jumapili anayabeba.

Mimi napiga rizimu. Mpiga rizimu hana ubishi mkubwa na pembe, kwa sababu kazi yake iko huku juu ya shingo, karibu na kichwa, kwenye freti ya kwanza mpaka ya saba. Pembe ni habari ya mpiga solo. Ndiyo maana kwa miaka mingi nilisikiliza ubishi huu kama mtu anayesikiliza majirani wakigombania mpaka wa shamba lisilomhusu. Ubishi wenyewe ulikuwa mfupi na ulirudiwa kila tulipokaa kusubiri umeme urudi: pembe moja lina sauti nene, lina sauti ya kiume, pembe mbili ni jepesi na sauti yake ni nyembamba, ni la vijana wa mjini. Hilo neno "ya kiume" lilikuwa linapita kama mzaha. Baadaye halikuwa mzaha tena.

Niseme kwanza ninachokijua kuhusu hizo sauti, maana hapo ndipo wengi wanapochanganya.

Gitaa linalotajwa zaidi mtu akisema pembe moja ni Les Paul, ambalo kampuni ya Gibson ya Marekani ililitoa mwaka 1952. Mwili wake ni mti wa mahogani, mnene, na juu yake umebandikwa ubao wa mepo. Kuanzia mwaka 1957 likawekewa pikapu za koili mbili, zile alizozibuni Seth Lover ili kuua muungurumo wa umeme. Koili mbili zinakamata muungurumo ule ule kutoka pande mbili zinazopingana, muungurumo unajifuta, wimbi la uzi linabaki. Mtu yeyote aliyepiga kwenye kanisa ambalo waya wa ethi umefungwa kwa matumaini anajua thamani ya kitu hicho. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na pikapu ya koili moja inakusomea hizo 50 zote na ndugu zake wakati mchungaji anaomba.

Sasa pikapu ya koili mbili inatoa sauti nene. Mti mzito nao unachangia kidogo. Lakini watu walioisikia sauti hiyo walitazama gitaa, wakaona pembe moja, wakasema sauti imetoka kwenye pembe.

Dawa ya hoja hiyo ni Telecaster. Leo Fender alilitoa mwaka 1950 kwa jina lingine, na mwaka uliofuata likapata jina hilo tulijualo. Nalo ni pembe moja. Lakini sauti yake ni kali, kavu, inakata kama panga jipya. Hakuna mtu mwenye masikio anayeweza kuiita nene. Kwa upande mwingine kuna SG, lililotoka mwaka 1961, ambapo Gibson yenyewe ililivua Les Paul bega lake, ikalipunguza unene na kulipa pembe mbili kali kama za mbuzi. Kwa miaka kama miwili hivi liliendelea kuitwa Les Paul, kisha likabaki na jina la SG. Lina pikapu zile zile za koili mbili, na ukilisikia kwenye spika linanguruma kama kaka yake. Kwa hiyo una pembe moja lenye sauti nyembamba na pembe mbili lenye sauti nene, yote mawili maarufu dunia nzima, na bado mtu wa Kolandoto anakuambia pembe moja ndilo nene.

Kuna sehemu moja ambapo umbo linaingia kwenye sauti kwa mlango wa nyuma, na haki itendeke niitaje. Baadhi ya magitaa ya pembe mbili yana freti 24 badala ya 21 au 22. Shingo ikirefuka hivyo, pikapu ya karibu na shingo inasukumwa kuelekea kwenye daraja, inatoka mahali pake pa utamu, na ile sauti ya mviringo kama ya kuimba ndani ya chungu inapungua. Hilo unalisikia hata ukiwa umefumba macho. Sababu ni mahali pikapu ilipokaa tu. Anayenunua gitaa ahesabu freti kabla ya kuhesabu pembe.

Haya yote yangebaki kuwa maneno ya kusubiri umeme, kama mpiga solo wetu asingefariki.

Marehemu alipiga na sisi tangu tunarekodi kwenye kaseti. Gitaa lake lilikuwa pembe moja, nakala ya Les Paul isiyo na jina la kujivunia, rangi ya asali iliyokolea, rangi imelika pale mkono wa kulia unapoegemea. Mkewe, ambaye sote tunamwita Mayu, alituambia baada ya arobaini kwamba gitaa lisikae uvunguni. Lipigwe kanisani, akasema, lakini lisiuzwe.

Wa kulipiga alikuwapo. Alikuwa binti wa kidato cha tatu, mwanakwaya wa sauti ya pili, ambaye tangu ana miaka 9 alikuwa anakaa kwenye ngazi ya jukwaa wakati wa mazoezi, akitazama vidole vya marehemu. Hakufundishwa rasmi. Siku moja marehemu alichelewa, binti akaomba ashike, akapiga utangulizi wa wimbo wetu wa mavuno kutoka mwanzo mpaka waimbaji wanapoingia. Marehemu alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na baiskeli yake. Alicheka sana. Tangu siku hiyo alikuwa anamwita "mkwe".

Baada ya msiba binti akapewa gitaa, na shida zikaanza.

Ya kwanza ilikuwa uzito. Ibada ya kawaida ina nyimbo tatu, unavumilia. Lakini kwaya zetu zina mikesha, zina makongamano, zina harusi za Maganzo na Kahama ambako unasimama na chombo begani kuanzia saa nane mchana mpaka giza linaingia. Niliona binti anaegemea ukuta kati ya nyimbo. Niliona anahamisha mkanda kutoka kwenye bega kwenda karibu na shingo, kisha anaurudisha. Na ule ukingo wa mwili wa gitaa, ambao kwenye Les Paul umekaa wima kama ukingo wa meza, ulikuwa unamchora mstari mwekundu kwenye mkono wa kulia. Fender waliliona tatizo hilo mwaka 1954 walipotoa Stratocaster. Walichonga bonde nyuma kwa ajili ya mbavu na wakalalisha ukingo wa mbele kwa ajili ya mkono.

Ya pili ilikuwa ile noti.

Muziki wa huku kwetu, uwe wa baa au wa madhabahuni, unaishi juu. Hatukujifunza gitaa kutoka kwa watu wa roki wanaokaa kwenye nyuzi nene karibu na kichwa. Tumejifunza kutoka kwa rumba ya Kongo na kutoka kwa bendi zetu, kutoka kwa kina Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro na Tabora Jazz hapo jirani, ambako wimbo ukishaimbwa mpiga solo anapanda na kubaki huko huko. Sebene haichezwi kwenye freti ya tatu. Inaanzia kwenye ya kumi na mbili na kupanda, na kwaya ikitaka watu wasimame, mpiga solo lazima afike kule ambako freti zimebanana kiasi kwamba kidole kimoja kinatosha shida.

Kwenye Les Paul na nakala zake, shingo inaungana na mwili kwenye freti ya 16. Chini yake kuna kisigino cha mti, na upande wa juu kuna lile bega. Ukitaka kufika kwenye ya 17 mpaka ya 20, kidole gumba lazima kiachie shingo na mkono uzunguke. Marehemu alikuwa na mikono mirefu, ya mtu aliyechimba visima. Kwake bega lile halikuwa kitu. Binti ana kiganja kidogo. Kwenye wimbo wetu wa mavuno kuna kifungu cha noti 7 ambacho kila mtu anakijua, watoto wanakiimba kwa mdomo wakichunga mbuzi, na kinakaa hasa huko. Binti alikipiga oktavu moja chini. Noti zilikuwa sahihi zote. Lakini wimbo haukunyanyuka, na watu waliokuwa wanasubiri kunyanyuka walibaki wameketi.

Ndipo kwenye kamati mzee mmoja akasema, kwa upole kabisa, sauti ya mtu anayemhurumia mtoto: "Hata gitaa lenyewe linamkataa." Akaongeza kwamba gitaa la solo ni chombo cha kiume, na kwamba hilo si yeye anayesema, ni mwili. Wengine wakaguna kukubali. Pendekezo likawa binti arudi kwenye sauti ya pili, na atafutwe kijana kutoka mjini.

Mimi sikuwa na hotuba. Niliomba wiki mbili.

Nilikwenda Shinyanga mjini kuazima gitaa kwa rafiki anayepiga kwenye bendi ya harusi. Lilikuwa nakala ya SG, pembe mbili, pikapu za koili mbili, urefu wa uzi sawa na wa gitaa la marehemu. Hapo ndipo nilipopasisitiza, maana ningechukua nakala ya Stratocaster ningekuwa nalinganisha pikapu tofauti na urefu tofauti wa nyuzi, kisha nasema nalinganisha pembe. Tukanunua seti mbili za nyuzi za aina moja. Tukaazima kwa mfanyabiashara wa dengu mzani ule wa kuning'iniza. La marehemu lilikuwa na kilo nne na robo. Pembe mbili lilikuwa na kilo tatu na kidogo. Kilo moja na ushei, begani, kwa saa sita. Muulize mwanamke yeyote wa Kolandoto aliyefunga mtoto mgongoni kama hiyo ni tofauti ndogo.

Alhamisi jioni tukakaa kanisani. Wazee watatu wa kamati, akiwemo yule mzee, walikaa wakiangalia mlango, migongo imeelekea jukwaani. Amplifaya moja, vitufe havikuguswa. Mimi nikapiga, si binti, ili asije mtu akasema ametambua mkono. Nilipiga kifungu kile kile mara kumi, nikibadilisha magitaa bila utaratibu, na wao wakataja kila mara: moja, mbili, mbili, moja. Walikosa karibu mara nyingi kama walivyopatia. Yule mzee alikuwa mkweli, baada ya ya sita alisema, "Mimi sasa nabahatisha." Mwingine alisema la pili lina sauti nene zaidi, kwa hiyo bila shaka ni pembe moja. Lilikuwa pembe mbili.

Sitaki kulifanya jaribio lile kubwa kuliko lilivyokuwa. Masikio matatu, amplifaya moja iliyochoka, kanisa lenye bati. Mimi mwenyewe, nikiwa nimelishika, nilihisi tofauti: pembe moja linatetemeka kifuani polepole zaidi na uzi unakaa muda mrefu kidogo ukiuacha uimbe. Kwenye pembe mbili shingo imeshikwa na mti mchache, ukiisukuma kidogo kwa mkono noti inayumba. Ila tofauti hizo zinabaki kwa mpigaji. Mtu wa benchi la nne hazimfikii.

Kisha binti akashika lile la kuazima. Hakukuwa na maajabu. Dakika za kwanza alilalamika, tena kwa haki, kwamba linaangusha kichwa. Hilo ni tatizo la kweli la SG na nakala zake: mwili mwepesi, shingo ndefu inayochomoza, na kitufe cha mkanda kimefungwa nyuma karibu na kisigino. Ukiachia mkono wa kushoto, kichwa kinaelekea sakafuni. Stratocaster halina ugonjwa huo kwa sababu pembe yake ya juu ni ndefu, inapeleka kitufe cha mkanda mpaka usawa wa freti ya 12. Kwa hiyo hata pembe mbili si familia moja. Tuliondoa mkanda wa nailoni unaoteleza, tukamwomba fundi viatu akatie mkanda mpana wa ngozi, upande wenye vinyweleo ukae ndani ushike nguo. Kichwa kikatulia.

Baada ya hapo akapanda. Nilikuwa namtazama kidole gumba. Hakikuachia shingo. Kifungu cha noti 7 kilitoka pale kilipoandikwa, mara ya kwanza kikiwa na noti moja iliyokwaruza, mara ya pili kikiwa safi.

Hapo nikawaambia wazee habari za Rosetta Tharpe, maana nilijua kitakachofuata ni Maandiko. Alikuwa mwanamke wa Arkansas, Marekani, alizaliwa 1915, mwimbaji wa Injili, na alipiga gitaa la umeme mbele ya watu miaka mingi kabla ya hao wanaume wa roki wanaosifiwa. Mwaka 1964 alisimamishwa kwenye kituo cha treni kilichoachwa kule Manchester, Uingereza, amevaa koti, mvua imetoka kunyesha, kamera za televisheni zinamtazama. Begani alikuwa na gitaa jeupe la umbo la SG. Pembe mbili. Nilikuwa na video kwenye simu. Waliitazama wakiwa wamekusanya vichwa, na yule mzee akaomba irudiwe. Hakusema kitu kuhusu uume wa gitaa. Aliuliza bei ya koti kama lile, watu wakacheka, kikao kikaendelea.

Fedha ilikuwa ngumu kuliko hoja. Mwaka ule dengu zilikuwa zimeuzwa vibaya na mpunga ulikuwa bado shambani. Palikuwa na wazo la kuuza gitaa la marehemu na kuongezea, na lilikuwa wazo la busara kimahesabu. Mwenyekiti alinituma kwa Mayu. Nilimkuta anachambua karanga, nikamwamkia, nikakaa. Kabla sijamaliza mzunguko wa maneno akaniambia, "Baba, mmekuja kuniomba niwaruhusu kuuza." Nikamwambia ndiyo, Mayu. Akaendelea kuchambua. Akasema mume wake alilinunua kwa ng'ombe wawili, na mmoja wao alikuwa wa kwao yeye mwanamke, wa mahari ya dada yake, na kwamba hajawahi kuambiwa asante na mtu yeyote kwa ng'ombe yule. Nikamwambia asante. Nilirudi kanisani nikasema haliuzwi.

Tukachanga miezi minne. Kwaya jirani walitualika kwenye harambee yao nasi tukawaalika kwenye yetu, fedha zile zile zikizunguka kama inavyokuwa, lakini kila mzunguko ukiacha kidogo. Wahudumu wa hospitali hapo Kolandoto walichangia vizuri. Wengi wao ni wanakwaya. Mwishowe mimi na mweka hazina tukapanda basi kwenda Mwanza na tukarudi na nakala ya Stratocaster iliyotumika, pembe mbili ndefu, ubavuni limechongwa, kwa shilingi laki tatu na nusu. Lilikuwa na pikapu mbili za koili moja na ya tatu, ile ya darajani, ya koili mbili. Binti ndiye aliyechagua kwa simu, akisikiliza mimi nikipiga dukani huku muuzaji amenikunjia uso. Alinitaka nihesabu freti. Zilikuwa 22.

Kwenye mavuno ya mwaka huo alipanda kule juu na watu wakasimama. Yule mzee naye alisimama. Aliyekuwa karibu naye anasema alisimama mapema kidogo, kabla kifungu hakijaanza.

Gitaa la marehemu lilirudi kwa Mayu. Limetundikwa ukutani sebuleni, juu ya redio. Jumamosi baada ya kufua, binti hupita pale, hulishusha, hukaa kwenye kigoda na kulipakata pajani, kwa sababu ukikaa uzito haukuhusu, na hupiga zile nyimbo za polepole za maziko na za Pasaka ambazo hazina haja ya kwenda juu. Anasema kwa nyimbo hizo analipenda hilo zaidi. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe kwamba uzi wa tatu unalia kwenye freti ya tano, nije na tupa ndogo, na kwamba Mayu anauliza kama nitakuja kabla au baada ya chakula.